Risala ya Wanaokestra kwa Mgeni wa Heshima, Kisumu

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, wazazi, walimu na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Karibu Kisumu. Tunaomba dakika chache tukueleze kazi ya mtu ambaye leo utamwona mgongo tu: mwongozaji wa okestra, yaani kundi kubwa la wapigaji wa ala mbalimbali.

Kazi yake huanza nyumbani, mbele ya kitabu chenye noti za ala zote, na si kila ala huandikiwa sauti inayosikika. C, F na Bi-flati ni majina ya noti. Klarineti ya Bi-flati, ala ya kupuliza, ikipiga C iliyoandikwa, sikio husikia Bi-flati. Honi ya F, ala ya shaba ya kupuliza, ikipiga C hiyo hiyo, hutoka F ya chini yake. Asiyejua haya humkaripia mwanafunzi aliyepiga sawasawa.

Fimbo yake ni nyepesi, kama sentimita 35. Mapigo manne huenda chini, kushoto, kulia, juu. Hayo hujifunza mtu kwa siku moja. Ugumu uko katika mkono unaopanda kabla ya noti ya kwanza. Mwinuko huo mmoja, pamoja na pumzi yake, ndio unaobeba mwendo wa wimbo. Ukipanda polepole kisha ukashuka haraka, fidla za mbele huingia na mwendo mmoja, za nyuma na mwingine, na mapigo kadhaa hupita kabla hawajakutana. Wapigaji hulaumiwa bure. Kosa ni la mkono.

Hapa kwetu kuna joto pia. Saa nane mchana chini ya mabati, sauti za tarumbeta na klarineti hupanda huku nyuzi za fidla zikilegea na kushuka. Kwa hiyo ala za kupuliza zipashwe moto kwa kupulizwa dakika kumi kwanza, ndipo wote walinganishe na noti A ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, na walinganishe tena katikati ya mazoezi. Ukilinganisha ala zikiwa baridi, umelinganisha bure.

Tunamkumbuka mwongozaji Dean Dixon, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1915. Akiwa bado kijana aliunda okestra yake Harlem, mtaa wa New York, na mwaka 1941 akaongoza okestra ya New York Philharmonic. Hata hivyo, hakupata okestra ya kudumu kwao. Mwaka 1949 akahamia Ulaya, akashika okestra ya Göteborg, Uswidi, kisha ya redio ya Frankfurt, Ujerumani, na ya Sydney, Australia, pia. New York ilimwona tena jukwaani mwaka 1970. Inatuuma kwamba mtu wa kipaji hicho alilazimika kwenda mbali hivyo kupata kazi.

Mheshimiwa, tuna maombi matatu: vitabu kamili vya noti, kwa kuwa tuna nakala za ala moja moja tu, vipima sauti viwili vya kulinganishia ala, na jukwaa la mbao la sentimita 20 la kusimamia mwongozaji. Kwa sasa fidla za mstari wa nyuma huona kiwiko chake, fimbo hawaioni.

Asante sana kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wanaokestra.