Mwanangu, huyo wa chensoo asije kabla yako

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako nimeiona, baba yako mdogo ndo kanisomea kwa sauti maana miwani yangu imekatika mguu. Hongera ya kazi, hapa Kibosho mlimani tumefurahi mno, ila hilo la kutuma mtu wa chensoo, huo msumeno wa mashine, aje akate miti asafishe kihamba kizima, shamba letu la kuzunguka nyumba, ili upande parachichi, hapana baba. Subiri Desemba uje mwenyewe.

Parachichi sizikatai. Jirani wa chini kavuna, kauza, kaezeka bati jipya. Panda pembeni kule kwenye masale ya mpaka, miche inakaa. Ila mringaringa na miruka, miti yetu ya kivuli cha kahawa, usiiguse. Siku hizi usiku hauna baridi kama zamani na kahawa haitaki usiku wa joto, halafu mvua inakuja inakata inarudi tena, maua yanatoka ovyo ovyo, tawi moja lina mbivu na mbichi, unapita kuchuma kila mara kwa debe lisilojaa. Juzi mchana jua kali nimefukua kwa kidole chini ya mringaringa, ukitoa majani makavu tu udongo unanyevuka, unashika mkononi unagandana. Nikasogea pale peupe, vumbi, na migomba imekunja majani. Pale peupe palikuwa na mti pia, ada yako ya kidato cha tano haikushuka mbinguni, basi tuache.

Najua huko Dar mkiongelea mlima Kilimanjaro mnaongelea barafu. Ni kweli inaisha, 1912 kilele cha Kibo kilikuwa na barafu kama kilomita za mraba 12, ilipofika 2011 hazifiki hata 2. Lakini maji ya mfongo wetu, huo mfereji wa kumwagilia, si ya barafu, ni ya msitu. Mvua ni ya msitu, na ukungu unanasa kwenye miti ya juu na zile nywele nywele zinazoning'inia, unadondoka chini, ndo chemchemi hiyo. Moto wa Oktoba 2020 uliniuma kuliko hiyo barafu yenu. Sasa na wewe unataka kukata huku chini.

Nduwa, bwawa letu la kutunzia maji ya mfongo, haijai usiku kama tulivyozoea, wazee wamepanga zamu za maji upya, yetu imesogea. Na siku ya kuzibua mfongo nimekulipia faini tena. Vijana hamna, wazee watupu na sururu zao, wanaziba banio kwa mawe na mashina ya migomba, sehemu nyingine wameweka saruji. Hao ndo unasema hawajui kilimo cha kisasa. Wenzetu wa Uru, pale Shimbwe Juu, kihamba chao FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walikitambua 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia, miti juu, kahawa na migomba chini yake, mboga chini kabisa, kama chetu tu. Wewe umesoma, utafute usome.

Kama hela inakuwasha, pita Lyamungu kwa TaCRI, wale watafiti wa kahawa, uchukue miche ya kahawa chotara, haishikwi na chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, wala kutu ya majani kama hii mizee tunayoipulizia dawa mpaka tunachoka. Nimefurahi unafikiria nyumbani, wenzako wengi hata hawaulizi. Ila chensoo hapana, nimeshamwambia na baba yako mdogo akija mtu getini asimfungulie.

Maharage tumesubiri mvua ikae ndo tukapanda, za vuli siziamini tena. Ng'ombe ana mimba, majani ya kumlisha tunanunua kutoka tambarare na yamepanda bei, ukiweza tuma kidogo. Mfereji wa bati umeachia upande wa jikoni, maji ya mvua yanamwagika bure, njoo na tangi la lita 1000 hata lililokwisha kutumika. Na sime ya baba yako mdogo uliyoondoka nayo irudishe, ananisumbua mimi.

Mama yako