Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: tupunguze kuwafungia na kuwafunga vijana kwenye wadi za akili

Ndugu wanachama, habari zenu. Mambo ya kawaida nayapitia haraka: kamati ni ileile, hesabu ataleta mhazini mwenyewe kwenye mkutano, na wote mliojitolea muda wenu asanteni sana.

Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima, yani vijana wanaolazwa wadi za akili afu wanafungiwa chumbani peke yao, au wanashikwa kwa nguvu na watu wazima wanne watano, au wanafungwa mikanda kitandani. Msimamo wetu mnaujua, hii sio tiba. Kijana aliyewahi kupigwa au kubakwa, ukimkandamiza chini anarudishwa kulekule alikotoka, na kesho yake unategemea akuamini akuambie kinachomsumbua, atakuambiaje? Kumlaza kifudifudi ndo hatari zaidi manake kifua kinabanwa anakosa pumzi. Mwaka 1998 gazeti la Hartford Courant la Marekani lilichapisha hesabu yake ya miaka 10, vifo 142 vilivyotokea wakati au baada ya kushikiliwa au kufungiwa, na zaidi ya robo walikuwa watoto. Baada ya hapo sheria zikakazwa, leo kule amri ya kumfunga mwenye miaka 9 hadi 17 kwa sababu ya fujo haizidi masaa 2 bila kuandikwa upya.

Wengi mliniuliza, sasa manesi wajilinde vipi? Swali la haki kabisa, nesi anayeogopa zamu yake hawezi kumtuliza mtu. Ndo maana nimerudia mara nyingi mfano wa wadi ya akili ya watoto ya chuo kikuu cha Yale, huko hukohuko Marekani, walipofundisha wahudumu wote kutatua tatizo pamoja na mtoto badala ya kumtisha kwa adhabu. Kushikiliwa kwa nguvu kulishuka toka mara 263 kwa mwaka hadi 7, kufungiwa toka 432 hadi 133. Lakini mwanzoni wahudumu walioumizwa waliongezeka kwa muda, na hili tuwaambie watu waziwazi, tusiende kwenye wadi kuahidi mteremko wakati wiki za kwanza zinaweza kuwa ngumu na uongozi ukitetereka hapo kila kitu kinarudi kama zamani.

Kinachosaidia kwa kweli ni vitu vya kila siku. Siku kijana analazwa, akishatulia kidogo, aulizwe nini kinampandisha hasira na nini kinamtuliza, muziki, kutembea, kuachwa kimya, kumpigia mama simu, iandikwe na kila anayeingia zamu aisome. Fujo nyingi wadini zinaanza na "hapana" iliyosemwa kwa ukali, simu imenyimwa, mgeni hajaruhusiwa, kwaiyo hata sheria ndogondogo za wadi zipitiwe upya kama zina maana. Afu kila tukio mkuu wa wadi alijue siku hiyohiyo, watu wakae na kijana mwenyewe bila kumlaumu, wamsikilize nini kilitokea kabla.

Kuna ujanja mmoja unanikera sana, mikanda inapungua kwenye daftari huku sindano za kumlaza kijana usingizi zinapanda, hapo hakuna kilichopungua jamani. Tukiomba takwimu tuombe zote tatu pamoja, kufungiwa chumbani, kushikwa au kufungwa mikanda, na sindano, na dakika ngapi, na umri wa kijana.

Mwaka ujao kamati inapendekeza vijana waliowahi kulazwa wakae kwenye kamati kama wajumbe kamili wenye kura, tusiwaite tu kuja kutoa ushuhuda afu tukawaaga. Hili linahitaji kubadilisha katiba yetu na litapigiwa kura mkutano mkuu, kwaiyo someni pendekezo mapema, na mwenye hoja ya kupinga aje nayo, tutaisikiliza.