Kufuli na ufunguo hakutoshi kueleza kimeng'enya

Mhariri,

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa kwa nini kimeng'enya, protini inayoharakisha kazi kama kukata chakula tumboni, huchagua cha kukata, jibu huwa "kufuli na ufunguo", yaani kinachokatwa hukaa ndani yake kama ufunguo kwenye kufuli, basi. Mfano huo wa Emil Fischer wa mwaka 1894 si wa kutupwa, lakini unaishia kwenye umbo. Chaji za umeme hauzitaji kabisa, nazo ndizo zinazoamua mengi.

Tazama vimeng'enya viwili, tripsini na kimotripsini, zinazotoka kongosho na kukata protini kwenye utumbo mdogo. Zinafanana kama ndugu, na mkasi wake ni mmoja: serini, histidini na aspateti, tatu kati ya asidi amino zinazounganishwa kuwa mnyororo wa protini. Kinachozitenga ni kishimo kilicho kando ya mkasi huo. Chini kabisa ya kishimo cha tripsini, nafasi ya 189 kwenye mnyororo wake, pana aspateti yenye chaji hasi. Hiyo huvuta lisini na ajinini, zenye mikono mirefu na chaji chanya, na mnyororo wa protini inayoliwa hukatwa baada yake. Kwenye kimotripsini nafasi hiyohiyo ina serini isiyo na chaji, kwa hivyo hukaa humo asidi amino pana zinazokimbia maji, kama fenilalanini. Kishimo cha elastasi, ndugu yao wa tatu, kimezibwa na valini na threonini. Huambulia ndogo kama alanini.

Ila tusiwape watoto jibu jepesi jingine. Watafiti walipoweka serini mahali pa ile aspateti, tripsini haikugeuka kimotripsini, ilidhoofika tu. Mwaka 1992 ilibainika kuwa lazima vibadilishwe pia vitanzi viwili vya mnyororo wake ambavyo wala havigusi kinachokatwa.

Haya yaweza kuonyeshwa darasani kwa muhogo wa kuchoma, kama ule unaouzwa Mama Ngina, pwani ya hapa Mombasa, bila ndimu, maana tindikali huizuia amilesi, kimeng'enya cha mate kinachokata wanga. Utafunwe taratibu dakika mbili: unga wake unazidi utamu, nyuzi za katikati zinabaki vilevile. Wanga na selulosi ya nyuzi zote ni minyororo ya glukosi. Viungo vya wanga ni vya aina ya alfa, vya selulosi ni vya aina ya beta. Mnyororo wa wanga hujipinda ukaingia kwenye mfereji wa amilesi. Ule wa selulosi umenyooka, hauingii.

Kwa kipimo: mililita 5 za maji ya wanga wa asilimia 1, mililita 1 ya mate, nyuzijoto 37. Kila dakika chota tone, ulitie kwenye iodini juu ya kigae cheupe, hadi weusi wa buluu, dalili ya wanga, utoweke. Wengi humwaga iodini ndani ya neli tangu mwanzo. Ikishaingia katika msokoto wa mnyororo wa wanga, huichelewesha amilesi. Neli ya pili itiwe mate yaliyochemshwa, na wanafunzi waulizwe kwa nini weusi hauondoki. Asidi amino za amilesi zimo zote, kwa mpangilio uleule. Kilichopotea ni mkunjo wa mnyororo wake.

Walimu wa Bayolojia,
Mombasa