Ghorofa bila bustani hapana

Ndugu Mhariri,

Kuhusu makala yenu ya nyumba za ghorofa, naomba watu wa mipango miji waangalie Alterlaa, mtaa wa maghorofa ya kupanga kule Vienna, Austria. Imejengwa 1973 hadi 1985, msanifu wake Harry Glück, fleti kama 3,200 hivi, na hadi ghorofa ya 12 balkoni zina vyungu vikubwa vya kupandia maua na miti midogo, halafu juu ya paa kuna mabwawa ya kuogelea ya wapangaji wote. Na siyo ya matajiri jamani, kodi yake nafuu!

Huku kwetu tunamwaga zege kiwanja kizima, watoto wanacheza kwenye ngazi, jirani humjui hata jina. Kibali kisitoke kama ramani haina bustani ya pamoja.

Mpangaji, Dar es Salaam