Kabla ya kununua kiwanja Kigamboni, kapange masika moja

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka mpunga wa Kyela na Usangu unapoanza kuleta pesa, simu za watu wa Mbeya, Iringa na Njombe hujaa picha za viwanja vya Kigamboni, Dar es Salaam. Bikoni nyeupe za mipaka, mchanga mkavu, minazi, bahari kwa mbali, na chini yake maneno "lipa kwa awamu, wahi kabla bei haijapanda". Watu wanauza shamba la parachichi au nyumba ya Uyole, wanapanda basi Ijumaa, Jumamosi wanaonyeshwa eneo, Jumapili wanalipa kianzio. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu pesa inayopotea pale ni jasho la miaka mingi na kuirudisha ni kazi ya mahakamani.

Sipingi mtu kuhamia Kigamboni. Ule upande uliokuwa ukisubiri pantoni kwa kila kitu umebadilika kweli. Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016 na kuunganisha Kurasini na Vijibweni. Kigamboni imetoka Temeke na kuwa na manispaa yake. Mwaka 2022 ukazinduliwa mradi mkubwa wa maji wa visima vya Kisarawe II. Anayesema pale ni porini tu hajafika siku hizi. Ninachopinga ni kununua kwa haraka mahali ambapo hujawahi kulala wakati wa mvua. Ushauri wangu ni mmoja: kapange nyumba kwanza, miezi sita, na Machi, Aprili na Mei ziwemo ndani ya hiyo miezi sita.

Kwa nini miezi hiyo? Sisi huku tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Tukishavuna, kati ya Juni na Agosti, ndipo tunapokuwa na pesa na nafasi ya kusafiri. Bahati mbaya ndiyo miezi ambayo Dar es Salaam imekauka, upepo wa kusi unavuma, joto limepungua na kila njia ya vumbi inapitika. Mtu wa bara anaiona Kigamboni katika sura yake nzuri kuliko zote na anadhani ndivyo ilivyo mwaka mzima. Masika ya pwani yakipiga, eneo lililouzwa kama "tambarare safi" linageuka dimbwi, bajaji zinaishia barabara kuu, na mwenye nyumba anavua viatu kufika kwake. Mchana wa Julai haukuambii kitu.

Ukifika wakati wa mvua, kagua kuta za majirani, maana za muuzaji zimeshapakwa rangi. Maji yakituama huacha mstari wa tope na plasta inayobanduka kuanzia chini. Pima mstari huo kwa utepe ujue msingi wako utainuka kiasi gani. Kisha ulizia mashimo ya choo. Maeneo mengi ya chini yana maji ya ardhini karibu sana, na shimo la mita 3 lililochimbwa kiangazi hujaa lenyewe mwezi wa nne bila mtu kulitumia. Mlipe kibarua achimbe shimo la mita moja na nusu kwenye kona ya kiwanja, aliache wazi usiku mmoja. Ukikuta maji asubuhi, ujue utajenga choo cha kuinuliwa na utalipa gari la kunyonya mara kwa mara. Gharama hiyo haimo kwenye tangazo.

Maji ya kunywa nayo yanataka jicho. Mradi wa Kisarawe II una tangi la lita milioni 15, lakini tangi kujaa si sawa na bomba kufika mtaani kwako. Uliza bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, limepita wapi, na muombe jirani akuonyeshe bili zake za miezi mitatu mfululizo. Asiyekuwa na bili ananunua maji ya boza, na simtanki la lita 2,000 uani si pambo. Kama wanatumia kisima, jaza kikombe uonje, kisha nawa kwa sabuni ya kipande: maji ya chumvi hayashiki sabuni, mkono unabaki na utando bila povu. Omba hata kuona sufuria ya chai. Ukoko mweupe ulioganda chini yake, na koki za bafuni zilizoliwa kijani shingoni, vitakuambia ukweli ambao dalali hausemi. Wala usijifariji kwamba utachimba kisima chako. Karibu na ufuko, ukivuta maji matamu kwa nguvu, maji ya bahari yanasogea kuchukua nafasi, na kisima kilichoanza vizuri kinaharibika polepole.

Kosa jingine ni kuitaja Kigamboni kama mtaa mmoja. Feri na Tungi ni kukongwe, nyumba zimebanana, pantoni iko jirani. Vijibweni ni mlangoni pa daraja, lakini pia ni upande wa matangi ya mafuta na malori yake. Kibada ina sehemu zilizopimwa katika ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, na tofauti unaiona kwa macho: njia zimenyooka na gari la taka linaingia. Mjimwema na Gezaulole kuna fukwe na hoteli. Kimbiji na Pemba Mnazi ni mbali kusini, na huko ndiko kwenye bei nyingi za "milioni mbili tatu". Anayekuuzia Pemba Mnazi atasema tu "Kigamboni", na hatakuwa amedanganya kiutawala. Mwambie akutajie kata, mtaa na kituo cha daladala cha karibu, kisha panda daladala mwenyewe kutoka hapo. Usikubali kupelekwa na gari la kampuni.

Kuvuka ndiko kunakowachosha wengi hadi wakarudi. Njia ni tatu: pantoni ya Magogoni, daraja, au kuzunguka kwa nchi kavu kupitia Kongowe. Kazi yako ikiwa Posta au Kariakoo, jaribu ya kwanza kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, siku ya kazi, si Jumapili. Foleni ya magari pale ni jambo moja, ya watu ni jambo lingine, na kivuko kimoja kikiingia matengenezo zote zinarefuka. Mwaka 2023 MV Magogoni ilipelekwa Mombasa kwa ukarabati mkubwa, na mzigo wote ukabaki kwa vivuko vilivyosalia. Daraja lina tozo kwa vyombo vya moto. Ilipunguzwa mwaka 2022 na kuwekewa malipo ya siku, wiki na mwezi, lakini mwenye gari aiandike kwenye bajeti mara mbili kwa siku, kwenda na kurudi. Mtu anayefanya kazi Kurasini au Temeke hana shida kubwa. Anayetegemea Mwenge au Mbezi, kwa kweli, atafute makazi upande huohuo.

Juu ya usalama, maneno ni mengi na mengine ya kuogofya bure. Pima hivi: saa 2 usiku, tembea kwa miguu kutoka kituoni hadi kwenye nyumba unayotaka kupanga. Hesabu taa. Angalia kama duka la Mangi liko wazi, na kama anauza kupitia nondo au ameacha mlango wazi. Muulize bodaboda bei ya kukufikisha hapo saa 4 usiku. Akikataa kabisa, umeshajibiwa. Uliza kama kuna ulinzi shirikishi na mchango wake ni kiasi gani kwa mwezi. Mtaa ambao kila nyumba inachanga na mlinzi anajulikana kwa jina ni bora kuliko wenye ukuta mrefu na hakuna anayemjua mwenzake.

Kupanga kwenyewe kuna hesabu yake. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita mkononi, na dalali anachukua ya mwezi mmoja, kwa hiyo andaa ya miezi saba kabla ya kupakia vyombo. Zaidi ya kilomita 800 za kutoka Mbeya zinapunguzwa makali na malori yanayorudi pwani bila mzigo. Ulizia Tunduma na Uyole kabla ya kukodi fuso zima. Makabati ya paini ya Mufindi ambayo hayakutiwa dawa yaacheni, mchwa wa pwani hawana huruma nayo.

Sasa kiwanja, na hapa naomba mtu asome taratibu. Viwanja vingi visivyopimwa vinauzwa kwa hatua: "ishirini kwa ishirini". Mnunuzi anasikia mita. Hatua ya mtu ikiwa sentimita 75, ishirini ni mita 15, na kiwanja chote ni mita za mraba 225, wakati wewe umelipia 400 kichwani mwako. Nenda na utepe wa mita 50, pima pande zote nne na ulalo wote wawili, yaani kona hadi kona. Kama kiwanja ni cha mstatili, ulalo usiolingana maana yake kona imekatwa.

Cha kupimwa nacho kina hila zake. Bikoni si ushahidi, mtu yeyote anaweza kusimika zege. Dai namba ya kiwanja na ya kitalu, peleka ofisi ya ardhi ya manispaa, ulinganishe na ramani ya mipango miji na ya upimaji. Huko ndiko utakakojua kwamba ulichoonyeshwa ni eneo la shule, barabara au soko. Kisha fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ujue mmiliki ni nani na kama hati imewekwa rehani benki. Kampuni nyingi zina hati moja ya shamba zima na zinauza vipande kabla ya kuigawa. Ukimaliza awamu zako zote, bado huna hati yako mpaka wao wamalize kazi yao. Mkataba useme tarehe ya mwisho ya kukabidhi hati na kiasi utakachorudishiwa isipotoka, usainiwe mbele ya wakili uliyemchagua wewe, ridhaa ya mwenzi wa muuzaji iwemo, na pesa ipite benki. Muhuri wa serikali ya mtaa haugeuki kuwa hati, na asilimia 10 wanayodai baadhi ya viongozi wa mtaa kwa kushuhudia mauziano si kodi ya kisheria.

Ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. "Beach plot" ya mita 30 kutoka majini ni kesi unayoinunua. Mikuza nayo, yaani njia zilizotengwa kwa mabomba na nyaya: bomba la mafuta la TAZAMA linalopita nyanda zetu kwenda Ndola linaanzia kwenye matangi ya Kigamboni, na watu wetu wanajua vizuri nini huwapata waliojenga juu ya mkuza. Na wenye kumbukumbu wasisahau mwaka 2008, serikali ilipotangaza Mji Mpya wa Kigamboni na kusimamisha uendelezaji. Wenye maeneo walikaa miaka wakiwa na ardhi mikononi mwao wasiyoweza kuijenga, na mji huo haukujengwa.

Ukijenga, achana na mazoea ya huku. Hewa ya chumvi inakula bati jembamba. Chukua geji 28 yenye mchanganyiko wa alumini na zinki badala ya geji 32, na misumari iwe ya ubora uleule, maana kutu huanzia kwenye tundu la msumari. Mchanga wa baharini usiguse zege lako kabisa, chumvi yake inaozesha nondo kwa ndani na nguzo inapasuka baada ya miaka michache. Tofali la inchi 6 hesabu 35 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, ukiambiwa 50 umeuziwa mchanga.

Wazazi, neno la afya. Mtoto aliyekulia Makete au Njombe hajazoea malaria, na homa inayomlaza mtoto wa Temeke siku mbili inaweza kumfikisha wa kwetu pabaya. Homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo, chandarua chenye dawa kiwe cha kwanza kufungwa. Dengi nayo ilivuma Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anauma mchana, anazaliana kwenye ndoo na mapipa ya maji yaliyoachwa wazi. Hayo mapipa ndiyo utakayokuwa nayo bomba likikatika, basi yafunikwe.

Kabla ya kuondoka, chukua barua ya utambulisho, na ukishafika ripoti serikali ya mtaa, na kaa na wazee wa pale. Wao ndio wanaojua bonde lipi lilikuwa la mpunga kabla ya kuwa viwanja, na watakuambia wakikuona umekuja kuishi.

Na kwako Mhariri nina ombi. Tangazo la viwanja likiletwa kwenye gazeti lako, dai liandikwe kata, namba ya kitalu, hali ya hati na ukubwa kwa mita za mraba. Asiyeweza kuyaandika hayo manne, nafasi yake apewe mwingine.

Msomaji wako,
Mdau wa ardhi na makazi,
Soweto, Mbeya