Kura kwenye programu huria: na wasiopiga je?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu iliyosifia programu huria (zile ambazo kodi yake, yaani maandishi yanayoiendesha kompyuta, iko wazi kwa yeyote) kwamba ni za wote kwa sababu mtumiaji yeyote anaweza kupiga kura tatizo gani lianze kurekebishwa. Nakubaliana nayo nusu, hiyo nusu nyingine naomba nafasi niiseme maana inatugusa sana huku kwetu.

Kwanza kweli kura zimesaidia. Zamani pale GitHub, tovuti ambako programu nyingi huria zinatunzwa na matatizo yake yanaripotiwa, mtu akitaka tatizo lishughulikiwe alikuwa anaandika "+1" tu, anakuja mwingine "+1", na yule anayeitunza programu, mara nyingi kwa kujitolea usiku baada ya kazi zake, anajaziwa barua pepe ambazo hazimwambii kitu. Januari 2016 watunzaji wengi wakaandika barua ya wazi kulalamika, Machi mwaka huo huo GitHub wakaleta vile vialama vya dole gumba na moyo, sasa unabonyeza basi, na orodha inaweza kupangwa kwa wingi wa dole. Hilo nalipongeza kabisa.

Shida inaanza pale kura inapogeuka mlango wa kuingilia. Chukua VS Code ya Microsoft, ile ya kuandikia programu ambayo wanafunzi wetu wengi wa IT wanaitumia, utaratibu waliojiwekea ni kwamba ombi jipya likiwa kwenye mchujo linapewa siku 60 lipate kura 20, lisipopata linafungwa. Jambo linalowakera watu wengi wa nchi zenye intaneti ya uhakika litazipata mapema tu, ila ombi la mtu mwenye kompyuta ya zamani anayetegemea bando la siku, nani atalipigia?

Sasa njoo kwenye DHIS2. Hii ni programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, mizizi yake Afrika Kusini miaka ya 90, na leo takwimu za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zinapita humo. Anayeitumia hasa ni nani? Ni yule dada wa takwimu wilayani ambaye mwisho wa mwezi anarundikiwa mezani fomu za MTUHA, zile za taarifa za huduma za afya, kutoka zahanati zote, nyingine zimelowa mvua kwenye bodaboda, anaingiza tarakimu moja moja, mtandao ukikata anasubiri, ukirudi anaendelea. Tuseme kuna kitu kwenye skrini kinampotezea muda kila mwezi. Atampigia kaka wa IT, kaka wa IT ataandika kwenye grupu la WhatsApp, mtu atamjibu "pole dada", habari imeishia hapo. Hana akaunti kule kwenye orodha ya maombi, pengine hajui hata kama ipo, na yenyewe ni ya Kiingereza. Ukihesabu kura huyu dada hayupo kabisa, wakati bila yeye hakuna takwimu za kumpelekea waziri.

Halafu kuna matatizo ambayo hata kila mtu apewe akaunti hayatapata kura. Lile tundu la usalama la Heartbleed kwenye OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi, liligundulika Aprili 2014 na lilikuwa limekaa humo tangu 2012, sasa nani angepigia kura kitu asichokiona? Kukagua kodi ya zamani ni kazi isiyo na mashabiki. Zahanati nesi haiulizi foleni nani aanze, anatazama nani kazidiwa.

Wenzetu wa Wikimedia, wanaoendesha Wikipedia, hili waliliona. Tangu 2015 watumiaji wao wanapendekeza maboresho ya kiufundi na kuyapigia kura, lakini Wikipedia ina watu wengi mno, miradi yao midogo kama Wikisource, ile maktaba ya maandiko, na zile kamusi za Wiktionary ikawa inamezwa. Kura ya 2020 wakaitenga kwa ajili ya hiyo miradi midogo, Wikipedia ikakaa pembeni. Kura hawakuzifuta, walipanga upya nani ashindane na nani, na mimi naona ndio njia.

Kwa hiyo naomba wizara za afya na vyuo vyetu wakusanye kero za watu wa wilayani kwa Kiswahili, wazitafsiri, wazipeleke kwa watengenezaji zikiwa na maelezo kamili: toleo gani, ulibonyeza nini, kikatokea nini, vituo vingapi vinaathirika. Na watengenezaji wakipokea ripoti ya namna hiyo wasiihesabu kama dole moja la akaunti moja. Walimu wa IT nao wawape wanafunzi kazi ya kuandika ripoti kama hizo, ni mazoezi mazuri kuliko kunakili notsi.

Na nyie gazeti, mkiandika tena habari hizi mtafuteni mtu wa takwimu wa wilaya yoyote mumuulize angetaka kitu gani kirekebishwe kwanza, halafu mlichapishe jibu lake kama lilivyo.

Mdau wa programu huria,
Morogoro