Asmini yako na kusi la mwaka huu

Shoga yangu kipenzi,

Assalam aleikum. Sisi huku wazima alhamdulillahi, kasoro goti la mama tu, si unajua upepo wa kusi ukianza lile goti nalo huanza. Najua umenitumia meseji tatu unauliza mti wako wa asmini u hali gani, na mimi kila mara nakujibu habari za arusi na bei ya samaki, basi leo nimekaa nikasema nikuandikie kirefu, manake jambo lenyewe lataka mtu awe amekaa chini. Haujafa. Nianze na hilo.

Ila ulitaka kufa, na aliyetaka kuuwa ni mimi.

Unakumbuka uliniachia kwenye lile sufuria la pilau lililotoboka, tukaliweka kiwandani pale kwenye ua wa ndani karibu na birika. Sasa masika ya mwaka huu yalikuja kwa fujo, mwezi wa tano mvua ilinyesha mpaka ukuta ukawa unatoa jasho, nguo haikauki, jamvi linanuka, na jua lenyewe kiwandani siku hizi linaingia kama saa moja hivi kwa siku kwa sababu jirani ameongeza ghorofa (hilo tuliwache, nikianza sitamaliza). Majani yakaanza kuwa manjano. Kumbe tundu za sufuria zimeziba na maji yamesimama chini, lakini mimi sikuangalia chini, mimi kwa akili zangu nikasema huu wataka jua na upepo, nikamwita kijana tukaupandisha darini. Kwa wiki mbili ulipendeza wallahi, nikawa najisifu mwenyewe. Halafu kusi likachachamaa.

Wewe umezaliwa hapa Lamu lakini kwa vile umekaa sana Nairobi labda umesahau Juni na Julai zetu zilivyo. Bahari imechafuka, manahodha wanaangalia mbingu kabla ya kuvuka, vioo vya dirisha vinafanya utando wa chumvi, na nguo ukianika darini ukizianua zinanata mkononi. Sasa fikiria jani. Asubuhi moja nimepanda na beseni la nguo nikakuta upande wote unaotazama kusi majani yameungua pembeni, rangi ya kahawia, makavu, ukiyafinya yanavunjika kama papa mkavu, na upande wa pili kijani kibichi hakuna neno. Kama bi arusi aliyetiwa hina mkono mmoja.

Hapo nikaongeza kosa juu ya kosa. Nikadhani ni kiu, nikawa namwagia maji ya mfereji asubuhi na jioni, na wewe wajua maji yetu yanatoka visima vya kule kwenye vilima vya mchanga vya Shela, na ya kwetu siku hizi yana kachumvi, hata chai ukiipika unaisikia. Kwa hiyo mti wa watu unapigwa chumvi juu na mimi naupa nyingine chini. Baada ya siku kumi hivi udongo ukafanya ukoko mweupe. Nikauonja kwa ncha ya ulimi, usinicheke. Chumvi.

Aliyeniokoa ni yule bibi wa nyumba ya nyuma, alikuja kuomba majani ya rehani akapanda mpaka juu na fimbo yake, akautazama mti, akanitazama mimi, akasema tu, "Yeo usitie mai," yaani leo usitie maji. Akaniuliza maji ya mvua ninayo? Bahati nzuri mapipa mawili yalikuwa bado yamejaa. Basi tukauteremsha, nikazibua tundu kwa msumari, nikakwangua ule ukoko nikautupa, nikaosha jani moja moja kwa maji ya mvua na kitambaa, halafu nikaanza kumwagia udongo polepole mpaka maji yanatoka chini, nasubiri, namwaga tena, yale ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa, mtungi mzima uliisha kabla hayajaanza kuwa meupe. Kisha akasema sasa ukate.

Shoga, nilikata kwa mkasi wa jikoni na mkono unatetemeka. Yeye amekaa kwenye ngazi ananionyesha kwa fimbo, hapa, na hapa, hilo nalo toa. Mwisho ukabaki vijiti vitupu, urefu kama kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Nikamwambia bibi, mwenyewe mti akija ataniua. Akanambia asmini hutoa ua kwenye tawi jipya, lile zee hata ulibembeleze halikupi kitu, na hata hivyo kipupwe hiki si msimu wake wa kujaa maua, kwa hivyo hupotezi, wacha ulale.

Sasa uko pale ngazi zinapokunja, jua linafika na upepo unapita juu yake. Mwanzo niliuzungushia karatasi la plastiki, siku ya pili upepo ukaling'oa likaenda kukaa kwenye dishi la jirani yule yule wa ghorofa na yeye ana mechi. Nikachukua jamvi kuukuu nikalifunga kwenye fito, na hilo ndilo limefaa, manake upepo unapenya kidogo kidogo, haulisukumi kama tanga.

Mengine bustanini yanaenda. Mchicha wa masika nusu nilikula mimi nusu walikula konokono, kila usiku nilikuwa natoka na tochi ya simu na ndoo nawaokota, wakubwa kama ngumi, mama ananicheka ati natafuta pesa. Pilipili niliziunguza kwa samadi ya punda mbichi, nilikuwa na haraka, punda wamejaa mlangoni kila siku nikaona kwa nini nisubiri, sasa nimeirundika pembeni chini ya gunia, sitaigusa mpaka miezi mitatu iishe. Na paka! Kila chungu chenye udongo laini wanakigeuza choo, dawa niliyopata ni kuwatandazia vijiti vya mdimu vyenye miiba, wanakuja wananusa wananiangalia kwa dharau wanaondoka. Nyanya ndizo zimenifurahisha, zile za mvua zote ziliozea mtini, hizi nilizopanda mvua ilipopungua zimesimama vizuri nimezifunga kwenye fito, na maji hazitaki mengi kwa baridi hii.

Baridi yetu lakini, sio yenu hiyo ya makoti. Ni ile ya kujifunika shuka usiku na kuoga maji ya vuguvugu ukijidai mgonjwa. Ila mimi naipenda sana miezi hii, nikisha kuswali alasiri nachukua chai ya tangawizi nakaa kwenye ngazi karibu na lile jamvi, joto hakuna, mbu wamepungua, makuti ya jirani yanapiga kelele, na upepo ukizungukia kiwandani unaichezea ile rehani harufu yote inapanda juu. Sifanyi kitu. Nang'oa jani kavu moja nakaa tena.

Na hapo ndipo nilipoviona, Ijumaa iliyopita. Kwenye kijiti cha katikati, pale kwenye fundo, vijicho viwili vyekundu-kijani kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Leo viko sita na kimoja kimeshafunua majani mawili. Nimekupigia picha lakini simu yangu inatia ukungu, utaona kidogo.

Vile vijiti nilivyokata sikuvitupa, nilivichomeka kumi na moja kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, vinne vimeshika. Kimoja ni chako. Mpwa wangu anarudi chuo mwezi wa nane, atavuka nacho bahari mpaka Mokowe, apande basi mpaka Mombasa halafu treni, nimekitia kwenye kopo la maziwa na nimemwambia asikiweke chini ya kiti. Ukikipokea usikihamishe chombo mpaka uone jani jipya, na usiku usikiwache balkoni, hiyo baridi yenu haikijui. Maji yakiacha kuja, kinga ya mvua.

Nisalimie watoto. Na lile sufuria la pilau silirudishi.

Shogako wa Mkomani